Uharamia wenye mhuri wa serikali: nani hasa anamhakikishia baharia njia salama?

Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Kila mara askari wa nchi fulani wanaposhuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta na kutua juu ya sitaha ya meli ya mizigo, upande uliotekewa meli hupiga kelele: uharamia! Upande ulioteka nao hujibu kwamba unasimamia sheria. Baada ya miezi michache mambo hugeuka. Aliyelia jana ndiye anateka leo, na kila mmoja anasoma hotuba ya mwenzake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili atakayepinga ajue pa kushika. Kwa sheria ya bahari iliyopo, dola haiwezi kuwa haramia. Sisemi haiwezi kupora, inapora sana. Ila mlango wa kuiita haramia ulifungwa na madola yenyewe, na yalijua yanachofunga.

Someni ibara ya 101 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Ili tendo liwe uharamia, lazima lifanywe na watu walio kwenye meli au ndege ya binafsi, kwa manufaa yao binafsi, dhidi ya meli nyingine, na litokee bahari kuu au mahali pasipo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Manowari ya serikali inaingia humo kwa njia moja tu, nayo ni pale mabaharia wake wanapoasi na kuitwaa (ibara ya 102). Nahodha anayeteka kwa amri ya wakubwa wake yuko nje kabisa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana historia ya jambo hili ina vituko.

Februari 1603, karibu na Singapore ya leo, Mholanzi Jacob van Heemskerck aliiteka meli ya Wareno iitwayo Santa Catarina. Ilikuwa imejaa hariri na vyombo vya kauri vya China. Shehena iliuzwa Amsterdam kwa zaidi ya gilda milioni 3, fedha za kutisha kwa wakati ule. Baadhi ya wenye hisa katika Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki waliona aibu kula fedha ya namna hiyo, hasa Wamenno ambao imani yao inakataza vita. Kampuni ikamtafuta mwanasheria kijana, Hugo Grotius, awatoe watu wasiwasi.

Akaandika utetezi mrefu. Mwaka 1609 sura moja ya utetezi huo ikachapishwa bila jina lake, nayo ndiyo Mare Liberum, yaani Bahari Huru. Hoja yenyewe ni kwamba bahari haina mwenyewe, Wareno hawana haki ya kuwafungia wengine njia ya kwenda India, anayefunga njia ametenda kosa, na mali ya mkosaji inatwaliwa kihalali. Sehemu kubwa iliyobaki ya kazi hiyo ilikaa gizani hadi mwaka 1864.

Kwa hiyo andiko ambalo wasomi wengi hulitaja kama msingi wa uhuru wa kupita baharini lilianza kama utetezi wa mtekaji mbele ya wanahisa wake. Hoja bado naiona nzuri. Ila tujue ilizaliwa nyumba gani.

Na Wareno wasijifanye wametekwa bila kosa, maana wao walikuwa wameifanya njia salama kuwa bidhaa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 16, chombo chochote cha mfanyabiashara katika Bahari ya Hindi kilitakiwa kubeba hati yao iliyoitwa cartaz. Hati ilitaja nahodha, ukubwa wa chombo, shehena na unakokwenda, na ilikulazimisha kupitia bandari zao ukalipe ushuru. Ukikutwa huna, chombo na mali vinachukuliwa. Hata meli zilizobeba mahujaji wa dola kubwa ya Mughal ya India zilichukua hati hizo, zikiwa na picha za Mariamu na Yesu juu yake. Vasco da Gama alikuwa ameshaonyesha mwaka 1502 kitakachowapata wakaidi: aliichoma moto meli Miri iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka, na mamia ya watu wakafia humo. Mwaka huohuo aliulazimisha utawala wa Kilwa kulipa kodi ya kila mwaka. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaivamia Kilwa, kisha akaiteketeza Mombasa.

Hapo nani haramia? Mtu anayekuuzia ulinzi dhidi yake mwenyewe mtaani tunamjua jina. Akiwa na bendera na mfalme, anaitwa mamlaka.

Mediterania nako kulikuwa na mfumo wake. Algiers, Tunis na Tripoli zilikuwa na majahazi ya kuteka yenye ruhusa ya watawala, na nchi za Ulaya zilitia saini mikataba ya kulipa ili meli zao ziachwe. Waingereza walibuni jambo ambalo mimi nalipenda kwa ujanja wake. Pasi ya meli ilichorwa kwenye ngozi, kisha ikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kipande cha chini kilibaki na nahodha wa meli ya biashara, kipande cha juu kilipelekwa kwa watekaji wenyewe. Mkikutana baharini, watekaji wanapanda, wanaweka vipande pamoja, vikilingana unaendelea na safari. Hakukuwa na haja ya kujua kusoma Kiingereza.

Marekani ilipojitenga na Uingereza ilipoteza pasi hizo mara moja. Mwaka 1785 meli zake mbili, Maria na Dauphin, zikatekwa na Algiers. Mkataba wa 1795 uliigharimu dola 642,500 pamoja na vifaa vya meli kila mwaka. Tripoli ilipotaka zaidi, vita vikaanza mwaka 1801. Manowari Philadelphia ikakwama kwenye mwamba Oktoba 1803 na watu wake zaidi ya 300 wakashikwa, na mwaka 1805 wakakombolewa kwa dola 60,000. Vitabu vingi vinamalizia hadithi hii kwa mizinga na ushindi. Malipo ya mwisho huwa hayatajwi sana.

Kisa cha nahodha William Kidd nacho ni cha kufundishia. Mwaka 1696 alipewa hati na mfalme wa Uingereza awinde maharamia na meli za Ufaransa. Waliomfadhili walikuwa mabwana wakubwa wa serikali, na mfalme mwenyewe alitengewa fungu. Januari 1698 akaiteka Quedagh Merchant pwani ya India. Mali ilikuwa ya wafanyabiashara wa huko, nahodha Mwingereza, lakini meli ilikuwa na pasi ya Kifaransa, hivyo Kidd akasema ni halali yake. Dola ya Mughal ikakasirika na biashara ya Waingereza India ikatikisika. Wale mabwana wakamkana. Kwenye kesi alililia pasi za Kifaransa alizokuwa amezikabidhi, zikasemwa hazionekani. Mei 1701 akanyongwa London. Kamba ikakatika mara ya kwanza, wakampandisha tena. Pasi zilikuja kuonekana kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali hukohuko London, karne ya 20.

Linganisheni na Francis Drake, aliyepora meli za Hispania katika Pasifiki mwaka 1579 wakati nchi hizo mbili hazijatangaziana vita, akarudi na hazina, na mwaka 1581 akatunukiwa cheo cha heshima juu ya meli yake huku malkia akishuhudia. Au Henry Morgan, aliyeivamia Panama mwaka 1671 baada ya Uingereza na Hispania kuwa zimeshatia saini mkataba wa amani. Alikamatwa, akapelekwa Uingereza, halafu akarudishwa Jamaica akiwa naibu gavana. Matendo yanakaribiana. Kilichotofautiana ni hesabu za kisiasa siku ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1856, baada ya vita vya Crimea, Azimio la Paris likafuta hati za uporaji za watu binafsi. Msidhani ni huruma. Uingereza ilikuwa na jeshi kubwa kuliko yote baharini, na hati hizo zilikuwa silaha ya nchi isiyo na manowari za kutosha, maana iliweza kumpa mfanyabiashara yeyote karatasi na mizinga. Marekani ilikataa kutia saini, ikasema itakubali iwapo mali zote za watu binafsi baharini zitalindwa hata dhidi ya manowari. Wakubwa hawakutaka kufika huko. Katiba ya Marekani mpaka leo inalipa bunge mamlaka ya kutoa hati hizo.

Kwa hiyo 1856 alizuiwa mtu binafsi mwenye kibali. Mwenye kutoa kibali akabaki na kazi mikononi mwake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2019. Tarehe 4 Julai makomando wa Uingereza walipanda Grace 1, meli iliyobeba mafuta ya Iran, karibu na Gibraltar, kwa maelezo kwamba inapeleka mzigo Syria kinyume cha vikwazo vya Ulaya. Iran ikasema ni uharamia. Tarehe 19 Julai walinzi wa mapinduzi wa Iran wakaiteka Stena Impero katika mlango-bahari wa Hormuz, wakisema imegonga chombo cha wavuvi. Uingereza nayo ikalalamika vikali. Grace 1 iliachiwa Agosti, Stena Impero mwishoni mwa Septemba. Panama ilisema ilikuwa imeshaifuta Grace 1 kwenye daftari lake tangu Mei. Na Stena Impero ilipeperusha bendera ya Uingereza, mmiliki Msweden, mabaharia 23, wengi wao Wahindi, Mwingereza hata mmoja hakuwemo.

Karibuni.

Mpinga kila kitu

Mkuu umeandika vizuri ila naona unawatafutia wakubwa kichaka. Ukisema dola haiwezi kuwa haramia umewapa ruhusa. Halafu umetaja Algiers na Tripoli ukaacha Malta. Wale mashujaa wa msalaba, Shirika la Mtakatifu Yohane, walikuwa wanateka vyombo vya Waislamu na kuuza watu utumwani kwa karne kadhaa, tena kwa baraka za kanisa, hadi Napoleon alipowatoa kisiwani mwaka 1798. Mbona hao hawaitwi maharamia?

Na Mavi Marmara je? Mei 2010, bahari kuu, makomando wa Israel wanapanda meli hiyo ya misaada iliyokuwa ikielekea Gaza, yenye bendera ya Komoro, watu 9 wanauawa palepale na wa 10 anafariki baadaye. Kama huo si uharamia basi hilo neno tulitupe.

Mleta uzi

Malta nakubaliana nawe kabisa, ni kazi ileile kwa msalaba badala ya mwezi mwandamo. Na soko lilikuwa pande zote mbili: mateka Waislamu wa Malta na Livorno, mateka Wakristo wa Algiers na Tunis. Kulikuwa na mapadri na mawakala ambao kazi yao ilikuwa kukomboa watu tu.

Kuhusu kichaka, sidhani. Kumwita mtu haramia kunampa kila mwenye manowari haki ya kumkamata popote bahari kuu na kumshtaki kwake (ibara ya 105). Wewe unataka nchi yoyote iwe na haki hiyo dhidi ya meli ya serikali ya nchi nyingine? Hiyo ni vita ya dunia kwa kila ugomvi wa meli ya mafuta.

Msomaji sheria

Nichangie hapo, kwa sababu mnachanganya mashauri mawili. Uharamia ni kosa la jinai la watu. Haki ya kupita ni wajibu wa nchi kwa nchi. Dola ikikosa shtaka la kwanza haina maana imeachiwa huru kwenye la pili.

Tuanze na Mavi Marmara. Hapo hoja ilikuwa sheria ya vita: je, mzingiro wa Gaza ni halali? Maana mzingiro halali unaruhusu kusimamisha meli hata bahari kuu. Ujumbe wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mwaka 2010 ulisema mzingiro si halali. Jopo la Katibu Mkuu mwaka 2011 likasema mzingiro ni halali lakini nguvu iliyotumika ilipita kiasi. Vyombo viwili vya umoja uleule, majibu mawili. Ila kwenye mabishano hayo ibara ya 101 haikuwa na msaada kwa upande wowote.

Kesi ya kusoma kwa makini ni ile ya mfereji wa Corfu. Oktoba 1946 manowari za Uingereza zilipita kati ya kisiwa cha Corfu na pwani ya Albania, ndani ya maji ya Albania. Mbili, Saumarez na Volage, zikagonga mabomu ya majini, watu 44 wakafa. Mwaka 1949 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba meli zina haki ya kupita kwenye mlango-bahari unaotumika kwa safari za kimataifa wakati wa amani bila kuomba ruhusa, ilmradi zinapita bila madhara. Albania haikuthibitishwa kuyatega mabomu yale. Ilitiwa hatiani kwa sababu ilijua yapo na haikuwaonya wapitaji.

Na Uingereza ilirudi Novemba kuyafagia mabomu hayo kwa nguvu ili kupata ushahidi. Mahakama ikasema huko ni kuvunja mamlaka ya Albania. Hukumu ilikata pande zote. Fidia ilikuwa karibu pauni 844,000 na Albania ilikaa hadi miaka ya 1990 ndipo jambo likamalizwa.

Mfano mwingine ni Arctic Sunrise, meli ya Greenpeace yenye bendera ya Uholanzi. Septemba 2013 Urusi iliikamata baada ya wanaharakati kujaribu kupanda mtambo wa mafuta, na watu 30 wakashtakiwa kwa uharamia, baadaye shtaka likashushwa kuwa uhuni. Uholanzi ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, ambayo Novemba mwaka huo iliamuru meli na watu waachiwe kwa dhamana. Urusi haikuhudhuria kikao, lakini ndani ya wiki chache watu wakaachiwa na meli ikafuata mwaka uliofuata. Hapo dola ndiyo iliyojaribu kulitumia shtaka la uharamia, na halikushika: mtambo wa mafuta si meli.

Mpinga kila kitu

Kwa hiyo ukiwa Uholanzi una mahakama. Ukiwa nchi ndogo iliyouza bendera yake kwa meli 3,000 zisizoijua hata bandari yako, utaenda Hamburg kugombana na nani?

Msomaji sheria

Swali zuri, na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Bahari kuu meli iko chini ya nchi ya bendera peke yake (ibara ya 92). Nchi ya bendera ndiyo yenye haki ya kushtaki. Ikinyamaza, mwenye meli anabaki na mawakili wa bima.

Hormuz inaongeza ugumu. Mahali pake penye wembamba upana haufiki maili za baharini 24, na Iran na Oman kila moja inadai maili 12. Maana yake hapo katikati hakuna bahari kuu hata tone. Hata genge la wahuni wa kawaida likiteka meli humo, kisheria ni ujambazi wenye silaha ndani ya maji ya nchi. Kinachobaki kuilinda meli ni haki ya kupita kwenye mlango-bahari, ambayo ibara ya 44 inasema haisitishwi. Lakini Iran ilitia saini mkataba bila kuuridhia na inasema haki hiyo ni ya wanachama tu. Marekani haijajiunga kabisa, na inasema haki hiyo ni desturi ya mataifa yote. Wawili walio nje ya mkataba wanagombania kifungu cha mkataba.

Mleta uzi

Hapo umenigusia kisa nilichotaka kukiweka juu nikaona uzi utakuwa mrefu mno. Mkutano wa Nyon, Uswisi, Septemba 1937.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vinaendelea, na nyambizi zisizo na alama zinazamisha meli za biashara Mediterania. Kila mtu alijua ni za Italia ya Mussolini. Waingereza walikuwa wananasa hata mawasiliano yao. Lakini kuitaja Italia ni kutafuta vita. Nchi 9 zikakutana na kutia saini makubaliano yaliyosema mashambulizi hayo yatachukuliwa kama matendo ya uharamia, na nyambizi itakayokutwa ikishambulia ipigwe. Hawakutaja nchi yoyote.

Mashambulizi yakapungua haraka. Kisha Italia ikalalamika kwamba imeachwa nje, ikapewa nayo sehemu ya bahari ya kulinda. Ikawa inapiga doria dhidi ya nyambizi zake yenyewe.

Mimi napenda mbinu ile pamoja na unafiki wake. Walimpa dola mkosaji njia ya kuacha bila kukiri. Kwa mabaharia waliokuwa baharini mwezi ule, iliwafaa kuliko hukumu yoyote ambayo ingekuja miaka kumi baadaye.

Baharia wa injini

Wakuu nimewasoma wote. Mimi nafanya kazi chini kwenye mashine, mambo ya Grotius ni ya kwenu. Nina maswali ya tumbo. Meli ya Galaxy Leader ilitekwa Novemba 2023 Bahari ya Shamu, mabaharia 25 wakakaa mpaka Januari 2025. Bendera Bahamas, waendeshaji Wajapani, mwenye mali anahusishwa na Israel, watu ni Wafilipino, Wabulgaria, Waukraine, Wameksiko, Waromania. Waliwateka watu ambao hawana kesi na mtu. Je, walioteka ni maharamia au serikali? Na mshahara wa mtu aliyeshikwa unalipwa au unasimama?

Msomaji sheria

Ndugu yangu, maswali yako mawili ni swali moja.

Walioiteka Galaxy Leader ni Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen. Wanatawala mji mkuu wa Yemen na sehemu kubwa ya watu wake, lakini serikali inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa ni nyingine. Wapo wanaosema tendo lolote lisilo na kibali cha dola inayotambuliwa ni la manufaa binafsi hata kama mtendaji ana sababu za kisiasa. Mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilielekea huko mwaka 2013 kwenye kesi ya wanaharakati wa Sea Shepherd dhidi ya wavuvi wa nyangumi wa Japani. Wengine wanasema siasa ni siasa, si manufaa binafsi. Mimi naegemea wa kwanza, kwa sababu wa pili wanampa kila mwenye bunduki na ilani kinga ambayo hata haramia maskini hana.

Sasa mshahara. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulirekebishwa, na tangu Desemba 2020 unasema mkataba wako wa ajira unaendelea na mshahara wako unaendelea kulipwa muda wote unaoshikiliwa kwa sababu ya uharamia au ujambazi wa silaha dhidi ya meli, hata kama tarehe ya mkataba imepita. Lakini uharamia umepewa maana ileile ya 1982, na ujambazi wa silaha nao umefungwa kwenye manufaa binafsi. Ukishikwa na jeshi la serikali, kifungu hicho kwa maneno yake hakikufikii. Hapo ndipo mambo yote ya mleta uzi yanaposhuka mpaka chumba cha mashine.

Baharia wa injini

Yaani nikitekwa na jambazi nalipwa, nikitekwa na serikali natafuta wakili?

Msomaji sheria

Kwa kifungu hicho peke yake, ndiyo. Lakini usikate tamaa, kuna karatasi nyingine. Bima ziliijua hatari hii kabla ya wanasheria wa kimataifa. Fomu ya zamani ya Lloyd's ya karne ya 18 iliorodhesha pamoja manowari, maadui, maharamia, hati za uporaji na ukamataji wa wafalme na watawala wote. Baadaye wenye bima waliitoa hatari ya kukamatwa kwenye bima ya kawaida, ndiyo maana leo mwenye meli hununua bima ya vita pembeni. Ila bima hiyo kwanza ni ya chuma, yaani meli yenyewe. Yako wewe iko kwenye mkataba wa chama.

Kama meli yako iko chini ya makubaliano ya IBF, yaani yale ya vyama vya mabaharia na waajiri wa kimataifa, eneo likitangazwa kuwa la kivita una haki ya kukataa kuingia na kurudishwa nyumbani kwa gharama ya kampuni bila kupoteza kazi. Ukikubali kuingia unapata nyongeza sawa na mshahara wa msingi, na fidia ya kifo au ulemavu inakuwa mara mbili. Hili si jambo dogo. Machi 2024 kombora liliipiga meli ya True Confidence Ghuba ya Aden, mabaharia watatu wakafa.

Mimi ningetafuta kifungu kinachosema mshahara unaendelea ukishikiliwa "kwa sababu yoyote isiyo kosa lako". Mikataba mingine inataja utekaji bila kumtaja mtekaji, na hiyo inatosha.

Mpinga kila kitu

Na haki ya kukataa inafaa kitu gani kama kampuni haitakuita tena safari ijayo? Tuseme ukweli. Mabaharia wengi wanaingia kwa hofu ya orodha nyeusi, halafu nyie mnawasomea vifungu.

Msomaji sheria

Ni kweli hiyo hofu ipo, na hakuna kifungu kinachoiondoa yote. Ndiyo maana kukataa kunafanywa na wengi pamoja, kupitia chama, kwa maandishi, kabla meli haijafika kwenye mstari wa eneo. Akikataa mmoja, ni mkaidi. Wakikataa kumi na wawili, kampuni inabadilisha njia. Kampuni nyingi kubwa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya Bahari ya Shamu tangu mwisho wa 2023, na bei ya bima pekee isingetosha kuzishawishi.

Baharia wa injini

Nimeuangalia mkataba wangu. Umeandikwa uharamia na ujambazi tu, utekaji wa serikali haumo. IBF imetajwa ukurasa wa mwisho. Wakala anasema hayo makubaliano ya IBF hanipi, niyaulizie melini.

Msomaji sheria

Usisubiri kupanda. Mkataba wa 2006 unakupa haki ya kuyasoma masharti na kuomba ushauri kabla ya kusaini, na kama makubaliano ya chama ni sehemu ya ajira yako lazima nakala iwepo ndani ya meli. Mwandikie wakala barua pepe leo, omba nakala kwa jina lake kamili na mwaka wake. Wakati huohuo mtafute mkaguzi wa ITF, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, wa bandari utakayopandia, umpe namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli. Wana daftari la meli zenye makubaliano na wataona kama yako imo. Wakikujibu tofauti na wakala, mwamini mkaguzi.

Baharia wa injini

Sawa mkuu. Namba ninayo, naandika sasa hivi.